Kilomita za Kurudi

Kila jioni baba aliporudi kazini, kabla hata hajavua helmeti, mama alitoka jikoni na kitambaa chenye unyevu, akapangusa kioo cha saa ya spidi, kisha akainama kusoma. Hakupangusa kitu kingine chochote kwenye pikipiki ile. Tope lingeweza kukaukia kwenye madigadi wiki nzima na oili ikatapakaa kwenye injini, lakini kioo kile kiling'aa kuliko glasi zetu za wageni. Alisoma huku midomo ikimcheza, halafu akarudi jikoni. Alizichungulia zile namba kama mtu aliyebandika maziwa na hataki yamwagike.

Namba zilikuwa tano. Ya kwanza ilikuwa tisa na ya pili nane. Zikishakuwa tisa zote, saa ingejizungusha yenyewe na kurudi kwenye sifuri tupu, na siku hiyo baba angeachana na pikipiki. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yao. Sisi watatu tuliokuwa tunaishi nyumba ile, baba, mama na mimi, tulizijua namba za jana kuliko tulivyojua tarehe.

Baba alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka kwenye maduka, maghala na machinjio, akipima mizani za watu kwa mawe yake ya shaba, akiona mkono umepinda anaunyoosha, akiona springi imechoka anaibadilisha. Mawe hayo aliyabeba kwenye sanduku la mbao lililofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, kila jiwe na kitundu chake chenye kitambaa chekundu. Watu walimwita Mzee Ratili. Wauzaji waliokuwa na mizani ya kupunja walimwogopa kuliko askari, maana askari unaweza kuongea naye. Nyumbani, mtu huyohuyo alikuwa mkimya. Angeweza kula, kunawa, kusikiliza redio na kwenda kulala, na maneno yake yote ya jioni yakatosha kwenye kisoda.

Makubaliano yenyewe yalianzia mtaroni. Mvua ilikuwa imenyesha, kona ilikuwa mbaya, na tairi la mbele, ambalo lilikuwa jembamba na limeisha, likateleza. Baba akaenda upande wake na sanduku la mawe likamwangukia mguuni. Kati ya mizigo yote ya dunia, alikuja kuvunjwa mguu na kilo alizozihakiki mwenyewe. Alilala kwenye mtaro ule mpaka alipopita mtu na mbwa wake. Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, chakula kimepoa, shingo inamuuma kwa kuangalia barabara.

Hospitali, baba akiwa amening'inizwa mguu, mama alimwambia pikipiki basi. Baba akasema haiwezekani. Wakabishana kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ambayo wodi nzima inaisikia, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu mwenye plasta mpaka shingoni, akaona achangie. "Mama, mpe mpaka namba zake ziishe," akasema. "Zikirudi sifuri, aache. Hapo hata pikipiki yenyewe itakuwa imechoka." Namba wakati huo zilikuwa kwenye sabini na kidogo elfu. Baba akaona elfu mia ni mbali kama uzeeni, akakubali haraka. Mama akaona walau kuna mwisho, akakubali shingo upande. Baba alimpa mkono, na baba hakuwa mtu wa kutoa mkono ovyo.

Mimi wakati huo nilikuwa mbali, najifunza ufundi kwenye gereji ya mtu. Nilikuja kumwona akiwa ameshatoka hospitali, mguu bado una plasta, na sijasahau nilichokikuta. Alikuwa ameketi dirishani na mizani yake ndogo mapajani, anapima vitu vya nyumbani. Alipima sukari, akapima vikombe kimoja kimoja, akapima kiatu cha mguu mzima na kiatu cha mguu uliovunjika. Siku ya pili nilimkuta anamvizia paka. Mama aliniambia jikoni kwamba hayo yameendelea tangu arudi, na kwamba ndoo ya maji imepimwa mpaka imeanza kuona haya. Tulicheka, lakini nilimwona alivyofuta macho, na hapakuwa na kitunguu karibu.

Miaka ikapita. Nikarudi nyumbani na ufundi wangu, nikafungua gereji na duka dogo la spea kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Niliuza cheni, sproketi, plagi, waya za klachi, na nilikuwa mkali kama pilipili kwa yeyote aliyeniletea spea feki. Wanaume waliingia wakiuliza fundi yuko wapi, wakaniangalia mimi na spana yangu, wakauliza tena. Nilikuwa nawajibu fundi ametoka, wasubiri, huku nikiendelea kufungua pikipiki zao. Biashara ikasimama. Na kwenye pikipiki ya baba namba zikaendelea kupanda, themanini, tisini, tisini na tano, hadi ile ya pili ilipogeuka nane.

Hapo ndipo baba alipoanza kubadilika. Maduka ya mjini yalikuwa yameshanunua mizani za umeme ambazo hazimhitaji mtu. Wateja waliombakia walikuwa wa mbali, huko ambako huwezi kwenda kwa mguu uliowahi kuvunjika, na hakuna gari linalokusubiri umalize kupima magunia. Bila pikipiki hakuna kazi, na bila kazi tulishajua anapima paka. Akaanza kuzibania kilomita. Akaanza kutafuta njia za mkato. Jumapili moja alisukuma pikipiki mpaka kwenye pampu ya upepo na kuirudisha kwa kuisukuma, tairi la mbele akiwa amelinyanyua juu ya kitoroli ili lisizunguke, maana waya wa saa unatokea kwenye gurudumu la mbele. Mtu mzima na heshima zake. Majirani walidhani ni mazoezi ya mguu.

Asubuhi moja aliingia gerejini kwangu na saa yake ya mkononi kiganjani. Uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwa nimeuona siku nyingi.

"Mama," aliniita hivyo tangu utotoni, "hii saa ya pikipiki ni mwongo."

"Mwongo kivipi, baba?"

Akaniambia alichofanya. Kwenye barabara kuu kuna mawe ya kilomita, yale meupe yenye namba. Alikuwa ameushikilia mshale kwenye sitini, bila kuzidisha wala kupunguza, akatazama saa ya mkono kutoka jiwe moja hadi jingine. Kwa sitini ingepaswa kuwa dakika moja kamili. Ilichukua dakika na robo, na robo yenyewe nusura isitoshe. Alirudia kwenda na kurudi, na jibu lilikuwa lilelile.

"Inasema sitini, kumbe hata hamsini sifiki," akasema. "Inatia chumvi. Na kama inatia chumvi kwenye mwendo, basi na kilomita imezitia chumvi. Elfu tisini na nane hizi si za kweli. Huenda ni themanini tu. Ahadi yangu bado ina safari."

Nikamwambia ukweli ninaoujua. Ndani ya ile saa kuna vitu viwili vinavyokula waya mmoja. Mshale unavutwa na sumaku, na unarudishwa na springi nyembamba kama unywele; springi ikilegea kwa uzee, mshale unapanda juu kuliko haki yake. Namba hazina sumaku wala springi, zinasukumwa na meno tu. Kwa hiyo mshale unaweza kusema uongo na namba zikasema kweli, au kila kimoja kikawa na uongo wake.

Baba alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyeshaamua. "Mizani ikikosea kwenye kilo moja, ukiiwekea magunia kumi itakosea kwa magunia kumi," akasema. "Nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa." Na kweli, kwenye mizani yake ni hivyo. Akaondoka na saa yake kiganjani, anachechemea kwa furaha.

Jioni ile, tukiwa mezani, alisema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Alimweleza mama kuhusu mawe ya kilomita, dakika na robo, sitini isiyokuwa sitini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kijiko kimesimama hewani.

"Uliniahidi mimi au uliiahidi saa?" akauliza.

"Nilikuahidi kilomita elfu mia. Kilomita ni kilomita, bibie. Siwezi kukulipa kwa kipimo kibovu."

"Yaani mimi nahesabu hizi namba miaka yote hii, leo ndiyo unaniambia kipimo kibovu?"

"Nimekijua leo."

Nilijua mama alikuwa na haki ya kukasirika, na nilimwona akijiandaa. Mtaro ule haukuwa umemtoka. Kila mvua iliponyesha akiwa peke yake nyumbani, alikuwa anakwenda kusimama palepale mlangoni, hata kama baba amelala chumbani. Lakini badala ya kukasirika alikitua kijiko taratibu.

"Basi ipimwe," akasema. "Wewe si ndiye mpimaji? Mizani ya mtu huwa unaipima kwa jiwe linalojulikana. Haya, mawe ya barabarani yanajulikana. Ipimwe, na jibu likitoka ndilo hilohilo. Likija la kwako, endelea. Likija la kwangu, sitaki kusikia habari ya springi."

Baba alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Sawa," akasema. "Apime binti yako."

"Hapana. Nyinyi wawili mnanuka oili moja. Nitakuwepo."

"Utakuwepo vipi? Ni barabarani."

"Nitapanda."

Nilimeza nilichokuwa natafuna kabla hakijalainika. Mama hakuwa amekalia pikipiki tangu kabla sijazaliwa. Pikipiki ile yenyewe hakuwahi kuigusa, ukiondoa kile kioo.

Tulitoka asubuhi, barabara ingali baridi. Nilijaza upepo kwenye tairi za baba sawasawa, maana tairi lililolegea nalo linabadilisha hesabu, na sikutaka yeyote apate pa kuning'inia. Mama alivaa suruali yangu ya kazi chini ya gauni na helmeti yangu ya zamani, ile iliyokwaruzwa. Sanduku la mawe liliachwa nyumbani ili apate pa kukaa. Baba alimshikia mkono apande, akamwambia ashike kiuno. "Najua pa kushika," mama akamjibu, na baba akajishughulisha ghafla na kioo cha pembeni. Mimi niliwafuata na pikipiki yangu.

Tulisimama kwenye jiwe la kwanza baada ya mji. Baba akasoma namba kwa sauti, mpaka ile nyekundu ya pembeni, nje ya zile tano, inayohesabu vipande vya kilomita. Mama akainama juu ya bega lake akasoma naye, wakakubaliana. Kutoka hapo tungekwenda mawe kumi.

Nilikaa nyuma yao mwendo wote. Niliogopa mama angekakamaa, akamyumbisha kwenye kona. Jiwe la kwanza alikuwa ameketi kama mtu aliyebebeshwa kioo cha dirisha. Jiwe la pili mabega yalishuka. Halafu nikaona kitu ambacho sikukielewa. Helmeti ya baba ilikuwa inatikisika, inageuka kidogo upande, inarudi, inageuka tena. Helmeti ya mama ikasogea mbele mpaka ikagonga ya baba, ikarudi nyuma, halafu ikasogea tena na kubaki hapohapo, imeegemea bega. Nilidhani kuna tatizo. Nikajisogeza karibu, na katikati ya kelele za injini mbili nikasikia sauti ya baba. Alikuwa anaongea. Maneno sikuyapata, lakini yalikuwa yanamtoka mfululizo, mkono wa kushoto ukinyoosha kidole kwenye ghala moja, kwenye njia ya vumbi, kwenye mti uliopigwa radi, kisha ukarudi kwenye usukani. Jiwe la tano, la sita, la saba, anaongea. Mgongo wa mama ulikuwa umetulia kabisa.

Nikarudi nyuma kidogo nikawaacha.

Jiwe la mwisho lilikuwa mbele ya kituo cha mafuta kilichofungwa, pampu zake zimevuliwa mipira. Baba akasimamisha gurudumu la mbele sambamba na jiwe, akazima injini. Akasoma. Akavua helmeti, akasoma tena. Nilishuka, nikaja kuangalia. Barabara ilikuwa imesema kumi. Saa ilikuwa imesema tisa na vipande viwili.

Saa haikuwa imemzidishia. Ilikuwa inampunguzia.

Sijawahi kumwona mtu akipima kitu kizito namna ile kwa kichwa peke yake. Alianza kuandika kwa kidole kwenye vumbi la tangi, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Kama kila kilomita tisa na kidogo zilikuwa kumi, na kama imekuwa hivyo tangu itengenezwe baada ya mtaro, basi zile elfu ishirini na zaidi alizokwenda tangu hapo zilikuwa zimeficha elfu mbili na zaidi nyingine nyuma yake. Nilimwona alipofika kwenye jibu. Kidole kilisimama.

"Nimeshapita," akasema. "Nimeshapita zamani. Tangu mvua zilizopita."

Angeweza kusema saa ilisita kwenye jiwe la nne. Angeweza kusema mama ni mzito, au upepo niliojaza umezidi, au tupime tena kesho. Wauzaji wote aliowahi kuwakuta na mizani mbovu walikuwa na maneno ya aina hiyo, na alikuwa anayajua yote kwa moyo. Alichomoa ufunguo, akaufuta kwenye shati, akamwekea mama kiganjani.

"Nilikupa mkono," akasema. "Chukua."

Akasimama pembeni na helmeti yake, kama msafiri aliyeshushwa kituo kisicho chake. Roho iliniuma. Lakini mama alikuwa ameshinda kwa haki, na alikuwa amengoja ushindi ule miaka mingi mlangoni.

Mama aliuangalia ufunguo. Akaangalia barabara tuliyotokea.

"Sasa tutarudije nyumbani?"

"Binti atakubeba. Mimi nitaisukuma."

"Utaisukuma kilomita kumi na mguu huo?"

"Kumi za kweli," baba akasema.

Mimi ndiye niliyecheka, na nikajuta papo hapo, maana wao hawakucheka. Mama alikuwa anaugeuzageuza ufunguo.

"Huwa unaongea hivyo kila siku?" akauliza.

"Hivyo vipi?"

"Hivyo. Ukiwa juu ya hiki kitu."

Baba akaona haya. Masikio yake yalikuwa makubwa na hayakujua kuficha kitu. "Huwa naongea kidogo."

"Na nani?"

Akaangalia jiwe la kilomita kwa muda, kana kwamba namba ile ilihitaji kuhakikiwa. "Na wewe," akasema. "Huwa naongea na wewe. Ila hukuwepo."

Nilikwenda kuangalia pampu za mafuta, ambazo hazikuwa na chochote cha kuangalia. Niliporudi, mama alikuwa ameinama mbele ya pikipiki, analitafuta tundu la ufunguo. Alilipata, akauchomeka mwenyewe, akauzungusha upande usio wake, baba akamwonyesha.

"Zile za kwenda zilikuwa zako, umezimaliza," mama akamwambia. "Hizi za kurudi ni zangu, nakwenda nazo ninavyotaka mimi. Peke yako sitaki kukuona juu ya hiki kitu, unanisikia? Peke yako, hata kwenda dukani, hapana. Nikiwepo, twende unapotaka."

"Mpaka kwenye magunia?"

"Kuna kiti huko?"

"Kuna magunia."

"Basi nitakalia magunia," mama akasema. "Panda, jua linakuja."

Mchana ule nilifungua gurudumu la mbele, kwa sababu swali lilikuwa linaniwasha. Tairi lilikuwa pana kuliko lile la kiwandani. Tairi pana namna ile huwa na kimo zaidi, huzunguka mara chache kwenye umbali uleule, na saa huhesabu mizunguko tu. Hilo lilieleza sehemu. Nilipotoa gia ya spidi kutoka kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, nikapata iliyobaki. Ni kigia kidogo cha plastiki nyeupe, hakijazi kiganja, na meno yake hayakuwa ya pikipiki ile. Yalikuwa ya pikipiki nyingine yenye magurudumu madogo. Kikikaa kwenye gurudumu kubwa, kila mzunguko kinauhesabu kana kwamba ni mfupi.

"Nani alifunga hii?" nikauliza. Baba alikuwa kwenye benchi, mama amesimama na chai yake.

Mama akasogea. Akaichukua ile gia, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hiyo niliinunua mimi," akasema.

Akasimulia. Baba akiwa hospitali, fundi wa barabarani alimwambia habu imepasuka na vitu vya ndani vimesagika, akatafute vingine. Akavifunga vile vipande kwenye gazeti, akazunguka navyo duka hadi duka, mwanamke asiyejua sproketi wala plagi, mpaka mtu mmoja akampa hiyo na kumwambia itaingia. Na iliingia kweli. Tairi nalo alilichagua yeye. Alikuwa amemwambia muuzaji ampe pana kuliko yote, lenye meno makubwa kuliko yote, ambalo haliwezi kuteleza hata kwenye sabuni.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemwongezea?" aliniuliza. "Mimi nakaa nahesabu ziishe, kumbe ni mimi ninayemwongezea?"

"Kila kilomita, mama."

Baba alianza kucheka polepole, kutoka tumboni, halafu akashika mbavu, halafu akalazimika kuinamia benchi. Mama alimpiga begani na kitambaa, akamwambia anyamaze, na yeye mwenyewe chai ikamwagika kwa kucheka. Nilikuwa sijawasikia wakicheka pamoja tangu nirudi na spana zangu.

Nikapanda ngazi, nikashusha kutoka rafu ya juu gia sahihi, ya kiwandani, ingali kwenye mfuko wake. Nikaupasua mfuko kwa meno.

"Hiyo ya nini?" mama akauliza.

"Hii ndiyo yake. Itahesabu sawasawa."

"Rudisha hiyohiyo."

"Mama, hiyo mbovu itahesabu pungufu."

"Nimesikia ulivyosema. Rudisha."

Nilimwangalia baba, mtu ambaye hakuwahi kuvumilia mizani inayokosea hata kwa uzito wa punje. Alikuwa anaangalia dari. Nikaipaka gia ile grisi mpya, nikairudisha mahali pake.

Tangu hapo mama alikwenda naye. Mwanzo ilikuwa safari za karibu, baadaye hata zile za kulala. Sanduku la mawe nililitengenezea mahali pembeni, upande wa kulia, na mama akajifunza kuusawazisha uzito wake kwa kuegemea kushoto kwenye kona. Kule magunia alikaa kwenye magunia, akampa baba jiwe analolitaka kabla hajanyoosha mkono. Hakutoka tena jikoni na kitambaa. Kioo cha saa kikaanza kufanana na sehemu nyingine zote za pikipiki, na ukitaka kusoma namba ilibidi uteme mate.

Baba alistaafu mwenyewe, macho yalipoanza kumchezea, na alifariki kitandani kwake mchana mmoja mtulivu, mama akiwa pembeni. Pikipiki ninayo mimi. Namba zake siku hizi ni ndogo kama za pikipiki mpya, na wateja wasiojua huniuliza kama naiuza.

Siku namba hizo zilipogeuka sifuri sikuwa nao, na nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Nilikuja kulijua baadaye sana, karibu na kustaafu kwa baba, wakati mama alipokuwa na mafua na baba akanihitaji mimi nimsindikize kwa mteja mmoja wa mwisho. Nilikaa nyuma, nikashika kiuno, na hatujamaliza nyumba za mtaa wetu akaanza kuongea. Nilisogeza helmeti mpaka ikagonga ya kwake, nikaegemea bega, nikasikiliza. Aliongea kuhusu ghala lililowahi kuungua, kuhusu muuzaji aliyeficha sumaku chini ya mizani, kuhusu mama alipokuwa msichana. Halafu tukafika penye daraja dogo, akapunguza mwendo.

"Hapa ndipo zilipogeuka," akasema. "Zilikuwa tisa zote. Mimi nimezikazia macho, sijui nitafanya nini zikifika, na mama yako nilidhani amesinzia. Kumbe hajasinzia. Akajinyoosha juu ya bega langu hapo ulipo wewe, nusura tuanguke, akakifunika kioo kwa kiganja. Akakishikilia mpaka tukapita daraja."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Tazama mbele, mzee.'"

Akaongeza mafuta kidogo, na mshale ukapanda, ukasema uongo wake.

"Nami nikatazama mbele," akasema.